Spock, Pamba na Ng'ombe wa Mahari

Mwaka 1930 jiwe lilianguka kutoka angani huko Malampaka, mahali ambapo leo ni wilaya ya Maswa, mkoa wa Simiyu. Reli ya kutoka Tabora ilikuwa imefika Mwanza miaka miwili tu kabla ya hapo, na Malampaka ilikuwa kituo kimojawapo cha njiani. Kipande kilichohifadhiwa hakifiki nusu kilo. Mtu angeweza kukitia mfukoni, akakata tiketi na kuondoka nacho. Wataalamu wakakiweka katika kundi la vimondo vya kawaida vyenye chuma kingi, wakakiandika kwenye orodha ya dunia kwa jina la Malampaka, maana kimondo hupewa jina la pale kilipoangukia. Kule kilikotoka hakuna mtu wa kulitaja jina.

Watanzania wengi wanakijua kimondo cha Mbozi, lile pande la chuma la tani zaidi ya kumi ambalo wanafunzi hupelekwa kulipanda na kupiga picha. Cha Malampaka hakina geti wala mlinzi. Hata hivyo, mtu wa Simiyu akiulizwa kama mkoa wake umewahi kupata mgeni kutoka nje ya dunia, anaweza kujibu bila aibu: ndiyo, mwaka 1930, na hakuposa.

Nasema hakuposa kwa sababu wageni wa angani tunaowajua zaidi, wale wa filamu na riwaya, huja kuposa. Wanatua, wanajifunza lugha kwa dakika tano, wanampenda binti wa watu, na kabla sinema haijaisha kuna mtoto mwenye masikio ya ajabu. Je, jambo hilo linawezekana? Waandishi wa hadithi za kisayansi wamelijadili kwa zaidi ya miaka mia moja, na wanasayansi wamewajibu, mara nyingine kwa ukali. Nikiufuata mjadala huo kutoka Bariadi, katika Ntuzu, nchi ya Wasukuma waitwao Wanyantuzu, naona watu wa filamu wametumia nguvu nyingi upande ulio rahisi, yaani mapenzi, wakaupita haraka upande mgumu, yaani mtoto.

Turudi kwenye mawe kwanza. Miaka minane baada ya lile la Malampaka, tarehe 16 Desemba 1938, jiwe jingine lilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, kusini magharibi mwa nchi. Lilikuwa na gramu kama 705, jeusi, laini, limejaa kaboni na madini yaliyowahi kulowa maji. Kemia yake, ukiondoa gesi nyepesi, inakaribiana na ya Jua lenyewe, na kwa ajili hiyo kundi zima la vimondo vya namna yake, ambavyo ni vichache mno duniani, limepewa alama ya CI. Hiyo I ni ya Ivuna. Mwaka 2001 watafiti walitangaza kwamba ndani yake mna asidi amino, viungo vilevile ambavyo miili yetu huvitumia kujenga protini. Kisha Desemba 2020 chombo cha Kijapani, Hayabusa2, kikaleta gramu 5.4 za udongo wa kijisayari kiitwacho Ryugu. Walipoupima, wakakuta ni jamaa wa karibu wa jiwe la Ivuna. Mwaka 2023 wakaongeza kwamba udongo huo una urasili, moja ya herufi nne ambazo RNA huandikwa kwazo.

Kwa hiyo vifaa vya uhai vimetapakaa angani, na vingine vimeshafika Tanzania bila pasi. Wapenzi wa sinema wakisikia hivyo hufurahi: kama viungo ni vilevile, basi na kiumbe wa huko atafanana nasi. Hapo ndipo wanapokimbia mno. Unga mmoja hutoa ugali, uji na togwa.

Swali la kuoana na kiumbe wa nje ni kongwe kuliko roketi. Wasukuma wana shing'weng'we, zimwi lililomeza watu na mifugo yote akasalia mama mmoja mjamzito, naye akamzaa Masala Kulangwa, kijana aliyeliua zimwi na kuwatoa watu tumboni mwake. Huyo ni zimwi wa kumeza. Yupo pia zimwi wa kuoa, ambaye hadithi zake zimeenea kote Afrika Mashariki: binti mwenye maringo anawakataa vijana wote wa kijijini, anamchagua mgeni mzuri aliyetokea gulioni, na njiani kuelekea kwa mume uzuri unaanza kubanduka kipande kwa kipande. Hadithi hizo haziulizi kama zimwi linaweza kumpenda mtu. Hilo linachukuliwa kuwa jambo la kawaida. Kosa linaloadhibiwa ni kuolewa na mtu ambaye hakuna aliyepeleleza ukoo wake.

Pwani jambo hili liliingia vitabuni. Jini mahaba, ambaye husemwa kuwa humpenda mwanadamu na kumwonea wivu mwenzi wake, ni mashuhuri toka Lamu hadi Kilwa, na siku hizi ameshapanda bara. Mikutano ya injili nayo inamkemea kwa jina. Lakini wanazuoni wa Kiislamu walikuwa wamekwisha kulijadili kwa utulivu karne nyingi nyuma. Inasimuliwa kwamba Imam Malik wa Madina, aliyefariki mwaka 795, aliulizwa habari ya jini aliyetaka kumposa binti kwa njia ya halali. Akajibu kwamba haoni ubaya wa kidini ndani yake, ila anachukia mwanamke akutwe na mimba, aulizwe mumewe ni nani, aseme ni jini, na ufisadi uenee. Katika karne ya 14 kadhi mmoja, Badr al-Din al-Shibli, alitunga kitabu kizima kuhusu hukumu za majini, na ndoa kati yao na binadamu ina nafasi yake humo. Naipenda hoja ya Malik kuliko hoja nyingi za wahakiki wa filamu. Hakupoteza muda kwenye mahaba. Alikwenda moja kwa moja kwenye mimba na kuuliza nani atawajibika.

Waandishi wa Ulaya na Marekani walichelewa kufika hapo. H. G. Wells, mwaka 1898, aliwaleta watu wa Mirihi duniani, lakini hao walikuja kunyonya damu, wakauawa na vijidudu vyetu. Humo hakuna harusi. Aliyefungua mlango ni Edgar Rice Burroughs mwaka 1912. Shujaa wake John Carter anafika Mirihi, anampenda binti mfalme Dejah Thoris, anamwoa, na kwa kuwa watu wa huko hutaga, mwisho wa kitabu wanandoa hao wanasubiri yai lao lianguliwe. Burroughs hakueleza imekuwaje. Alikuwa anauza hadithi magazetini, na yai likapita bila swali.

Tarehe 8 Septemba 1966 kituo cha televisheni cha NBC cha Marekani kilianza kurusha Star Trek, na kipindi cha kwanza kuonyeshwa kina mambo mawili yanayotuhusu. Msomi mmoja, Profesa Crater, anaishi kwenye sayari ya mbali na mkewe Nancy. Ukweli ni kwamba Nancy alikwisha kufa. Anayeishi naye ni kiumbe wa sayari hiyo, wa mwisho wa jinsi yake, mwenye uwezo wa kuvaa sura yoyote na mwenye njaa ya chumvi isiyokwisha. Profesa anajua. Anamlisha chumvi na kuendelea naye. Baadaye kiumbe huyo anaingia ndani ya chombo cha anga, anakutana na Luteni Uhura, na ili kumnasa anageuka kijana mtanashati mweusi na kumsemesha kwa Kiswahili.

Jina la Uhura lilitokana na uhuru. Mwigizaji Nichelle Nichols alisimulia kwamba siku ya usaili alikuwa na riwaya ya Robert Ruark yenye jina hilo. Uhura anatajwa kuwa mzaliwa wa Afrika mwenye lugha ya Kiswahili, na katika kipindi kimoja cha 1967, kumbukumbu yake inapofutwa, Kiswahili ndicho kinachobaki. Kwa hiyo katika historia ya hadithi hizi, zimwi wa kutongoza wa televisheni alikisema Kiswahili miaka 28 kabla televisheni haijaanza Tanzania Bara, mwaka 1994. Na njaa yake ya chumvi isingewashangaza Wasukuma wa zamani, ambao walitembea kwa misafara hadi Ziwa Eyasi, mashariki kabisa ya nchi yao, kuichota. Uhura, kwa bahati, hakunaswa.

Katika chombo hichohicho alikuwemo Spock, afisa mwenye masikio yaliyochongoka, baba yake Sarek wa sayari ya Vulcan, mama yake Amanda, mwanadamu. Spock ndiye aliyemkera Carl Sagan. Mwanaastronomia huyo aliandika mwaka 1978 kwamba kupata mtoto kati ya binadamu na kiumbe aliyetokea peke yake kwenye sayari nyingine ni jambo lenye uwezekano mdogo zaidi, tena kwa mbali, kuliko kumzalisha mtu na mboga iitwayo artichoke. Wasomaji walicheka. Sagan hakuwa anachekesha, na hoja yake inaeleweka vizuri zaidi katikati ya shamba la Bariadi kuliko katika jiji lolote.

Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini. Mkulima wa Dutwa au Nkololo anayepalilia pamba yake ni ndugu wa mche ule, kwa maana kamili ya kibiolojia. Chembe za mwili wake na chembe za jani lile zinatumia DNA ileile, herufi zilezile nne, na karibu kanuni ileile ya kuzisoma herufi tatu tatu ili kuunda protini. Ufanano huo umetokana na babu mmoja aliyeishi majini zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Wametengana muda mrefu kiasi kwamba hakuna awezaye kuwazalisha, lakini maandishi yao ni ya shule moja. Mtu wa Vulcan hana babu huyo. Hata akiwa na asidi amino zilezile zilizomo kwenye jiwe la Ivuna, hakuna sababu kanuni yake ya kusoma iwe yetu, wala herufi zake ziwe nne, wala mbegu yake iligonge yai letu na kufunguliwa. Ndiyo maana Sagan akaona artichoke ana nafasi nzuri zaidi.

Na pamba yenyewe ina kisa cha ndoa ya mbali ambacho kingemfaa mwandishi yeyote wa riwaya. Ile inayolimwa Simiyu ni ya jamii ya pamba ya Marekani, yenye kromosomu 52. Ukizipanga, zinagawanyika makundi mawili ya asili tofauti. Kundi moja linafanana na la pamba ya Afrika na Asia, jamaa wa pamba pori inayoota hadi leo kusini mwa Afrika. Jingine linafanana na la pamba pori ya Peru. Wazazi hao walikuwa wametengana kwa mamilioni ya miaka na bahari kati yao. Kisha, kama miaka milioni moja au miwili iliyopita, mbegu ya upande wa Afrika ikafika bara la Amerika, yumkini kwa kuelea, maua yakakutana, na mmea chotara ukaota.

Kwa kawaida chotara wa namna hiyo ni tasa. Kila mzazi anatoa kromosomu 13, na zile 13 za mama hazipati wenza wa kupangana nao katika zile 13 za baba wakati wa kutengeneza mbegu. Lakini katika mmea ule, au katika kizazi chake cha mwanzo, kromosomu zote zilijirudufu, kila moja ikapata pacha wake, zikawa 52, na utasa ukaisha. Watu wa Amerika ya Kati wakailima pamba hiyo kwa maelfu ya miaka. Wakoloni wakaileta Tanganyika. Nusu ya asili yake ilikuwa inarudi Afrika, ingawa hakuna afisa kilimo wa Kijerumani au wa Kiingereza aliyelijua hilo. Wataalamu wa Ukiriguru, karibu na Mwanza, wameendelea kuizalisha pamba hiyo tangu miaka ya 1930, wakichagua miche inayostahimili magonjwa na yenye majani ya vinyweleo yanayowasumbua wadudu wafyonzaji, na mbegu walizotoa, kama UK 91 na baadaye UKM08, zimebeba herufi za kituo chao hadi vijijini.

Wanyama hawana bahati ya pamba. Farasi ana kromosomu 64, punda 62, na baghala, mtoto wao, anabaki na 63 zisizogawika sawasawa. Ana nguvu, hachagui chakula, na karibu kila mara hazai. Wajerumani, walipoona farasi wao wanakufa kwa maradhi, walijaribu, katika maeneo ya Kilimanjaro, kukamata pundamilia na kuwachanganya na farasi na punda ili wapate mnyama wa mzigo wa nchi hii. Mpango ule haukufika mbali. Kenya nayo, mwaka 2020, ilipata kisa chake: pundamilia jike aliyetoka Tsavo Mashariki na kuhamia kwenye boma la wafugaji alionekana na mtoto mwenye mwili wa punda na miguu ya mistari. Pundamilia ana kromosomu 44. Mtoto alizaliwa, akasimama, akanyonya. Hao ni jamaa waliotengana miaka milioni chache tu, na tayari uzazi wao unachechemea. Vulcan iko wapi hapo?

Kama tunataka kisa halisi cha mapenzi kati ya mtu na mtu wa jinsi nyingine, tuyaangalie majivu. Mashariki ya Simiyu, ng'ambo ya nyanda za Meatu na Maswa, ndani ya Ngorongoro, iko Laetoli. Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilifukua hapo mstari wa nyayo wa mita 27, uliokanyagwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wakiongoza, walipata nyayo nyingine jirani. Kisha kuna nyayo tano ambazo zilikuwa zimeonekana tangu 1976, zikaachwa kwa sababu baadhi ya wataalamu walidhani ni za dubu. Mwaka 2019 timu ya Ellison McNutt, Jeremy DeSilva na Mtanzania Charles Musiba ilizifukua upya, na Desemba 2021 ikatangaza kwamba aliyezikanyaga alikuwa anatembea kwa miguu miwili, lakini si wa jinsi ile ya nyayo za Leakey: unyayo mfupi na mpana, na hatua inayovuka mbele ya mwenzake. Kama wako sahihi, katika majivu yaleyale, kwa umbali usiozidi mwendo wa nusu saa, walipita viumbe wa aina mbili, wote wakisimama wima. Nyayo hazielezi kama walisalimiana.

Maelezo ya salamu za namna hiyo yanakuja baadaye sana, nayo hayako kwenye majivu. Mwaka 2010 timu ya Svante Pääbo, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2022, ilionyesha kwamba binadamu waliotoka Afrika walizaa na Waneandertali, watu wa kale wa jinsi nyingine, na kwamba watu wa Ulaya na Asia wa leo wamebeba asilimia moja hadi mbili ya urithi huo. Mwaka 2018 walitoa habari ya kipande cha mfupa kutoka pango la Denisova huko Siberia, cha msichana aliyeishi kama miaka 90,000 iliyopita: mama Mneandertali, baba Mdenisova. Mtoto halisi, wa kizazi cha kwanza, wa ndoa ya jinsi mbili za watu. Mwaka 2020 utafiti mwingine, uliochunguza pia Waluhya wa Webuye nchini Kenya, ukakuta urithi wa Waneandertali hata Afrika, kidogo, kama theluthi moja ya asilimia moja, ulioletwa na watu waliorejea kutoka Ulaya na Asia. Kwa hiyo hadithi za kisayansi hazikosei kusema kwamba mtu anaweza kumpenda asiyefanana naye na kuzaa naye. Zinakosea umbali. Waneandertali na sisi tulikuwa tumetengana kama miaka nusu milioni, na hata hivyo baadhi ya sehemu za urithi wao ziliondoka haraka katika vizazi vilivyofuata, dalili kwamba watoto wale hawakuwa na uzazi mwepesi.

Hapa niweke tahadhari moja, maana mazungumzo ya damu huteleza upesi. Meatu kuna Wasukuma wanaosema Kibantu, Wataturu wenye lugha ya Kiniloti, na Wahadzabe ambao lugha yao haina ndugu anayejulikana popote. Wameoana kwa vizazi. Kibiolojia hakuna kizingiti chochote kati yao, na waliowahi kudai kipo walikuwa na hesabu zao za utawala.

Kiswahili nacho kina riwaya yake ya safari ya anga. Mwaka 1995 Katama Mkangi, mwanasosholojia wa Kenya aliyewahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980, alitoa Walenisi. Shujaa wake Dzombo anahukumiwa kifo, anafungiwa katika chombo ambacho waliotangulia hawakurudi nacho, anakimudu, na anatua katika nchi ambayo haki inafanya kazi. Mkangi hakushughulika na kromosomu hata kidogo. Wenyeji wa huko ni watu kama yeye, walioamua kuishi vingine. Nadhani alifanya vizuri. Mwandishi anayejua kwamba wageni wake ni kioo hana haja ya kutuuzia biolojia, na ugumu unaanza kwa wale wanaotaka vyote viwili, kioo na maabara.

Mwaka 2009 vyote viwili vilikuja pamoja. Filamu mpya ya Star Trek ilimwonyesha Uhura, safari hii akiigizwa na Zoe Saldana, akiwa mpenzi wa Spock. Binti mwenye jina la Kiswahili na chotara wa Vulcan wakibusiana hadharani. Miezi michache baadaye Saldana huyohuyo akawa Neytiri katika Avatar, safari hii yeye ndiye mgeni wa sayari nyingine na mpenzi wake ni Jake, mwanajeshi wa duniani. Avatar angalau iliona tatizo: ili Jake ampende Neytiri kimwili, ilibidi aingie katika mwili uliotengenezwa kwa mchanganyiko wa DNA za pande mbili. Sagan angeuliza tena kama pande hizo zinasomeka kwa kanuni moja, lakini angalau mtu alijisumbua. Filamu za namna hii zilienea mijini na vijijini kwenye vibanda vya video, nyingine zikiwa na sauti ya msimulizi wa Kiswahili juu yake, kazi iliyompa Lufufu umaarufu mkubwa. Msimulizi mzuri hakuhitaji kanuni ya DNA. Alimpa Spock wivu wa Kibongo na kazi ikaisha.

Tukimweka mtoto kando, mapenzi yenyewe je? Hapo nina matumaini zaidi kuliko Sagan. Desemba 2004, baada ya mawimbi ya tsunami, kiboko mchanga aliyepotezana na mama yake aliokolewa pwani ya Malindi, akaitwa Owen, akapelekwa Haller Park, Mombasa. Humo alimkimbilia Mzee, kobe mkubwa wa Aldabra aliyekadiriwa kuwa na miaka 130 hivi. Kobe mwanzoni alimfukuza. Baadaye wakawa wanalala pamoja, wanakula pamoja, na watunzaji wao wakaona wamejitungia ishara zao, kung'atana kidogo miguuni na mkiani, za kuambiana twende au ngoja. Kiboko ni mnyonyeshaji, kobe ni mtambaazi. Babu yao wa mwisho aliishi zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Mwaka 2007 Owen alihamishiwa kwa kiboko jike, Cleo, kwa sababu alikuwa amekua na uzito wake ungeweza kumvunja rafiki yake gamba.

Si kila urafiki wa namna hiyo unaishia vizuri. Mwaka 2002, huko Samburu, simba jike waliyemwita Kamunyak alimchukua ndama wa choroa akamlinda kama mwanawe, akakonda kwa kutokuwinda, mpaka simba dume akaja akamla ndama. Kamunyak akachukua mwingine, na mwingine tena. Moyo ulikuwepo. Vilivyokosekana ni maziwa yanayofaa na majirani wanaoelewa. Profesa Crater na mke wake wa chumvi wako katika kundi hili: mapenzi yao yanaaminika kabisa, na yanaishia kwa mauaji, kwa sababu mmoja anaishi kwa kukila kile kinachomweka mwenzake hai.

Basi uamuzi wangu ni huu. Mapenzi yanawezekana popote penye viumbe wanaohitaji kutokuwa peke yao. Mtoto wa tumbo hawezekani bila babu wa pamoja wa karibu. Kinachobaki ni mtoto kwa maana ya sheria, na hapo Wasukuma wana mfumo ambao haukutungwa kwa ajili ya Vulcan lakini ungeifaa. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika, aliikusanya mila hiyo katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1953. Kiini chake kinajulikana kwa mzee yeyote wa Ntuzu: ukoo wa mtoto unaamuliwa na ng'ombe. Mahari ikitolewa, watoto ni wa upande wa baba. Isipotolewa, ni wa upande wa mama, na baba akiwataka baadaye lazima alete ng'ombe wa kuwakomboa. Mfumo huo hauhitaji maabara wala haujali nani anafanana na nani usoni. Unauliza swali lilelile la Malik, nani atawajibika, na unalijibu kwa kwato.

Kwa kipimo hicho kesi ya Spock ni nyepesi. Televisheni ilimtesa miaka mitatu kwa swali kama yeye ni wa baba au wa mama, binadamu au Mvulcan. Wazazi wake wote wawili waliingia chomboni katika kipindi kimoja cha 1967, Sarek akiwa balozi mwenye heshima zake, na katika maongezi yote ya siku ile hakuna aliyetaja mahari. Baraza la wazee wa Ntuzu lingemaliza shauri asubuhi moja. Kijana ni wa wajomba zake, na ataendelea kuwa wao mpaka Sarek alete ng'ombe.